Melanoma iliyosambaa bila chimbuko kuonekana: mwongozo kamili wa vipimo na matibabu

Mara nyingi huanza hivi. Mtu anaoga, mkono unapita kwapani, unakutana na uvimbe mgumu usiouma. Anaambiwa ni tezi tu, anapewa antibiotiki. Wiki sita baadaye uvimbe uko palepale, tena umeongezeka. Kinyama kinachukuliwa, na jibu la maabara linakuja na neno ambalo hakuna aliyelitarajia: melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Daktari anauliza ni alama gani ya ngozi iliyobadilika. Hakuna. Anamkagua kuanzia utosini hadi unyayoni, na ngozi ni safi.

Katika kila wagonjwa 100 wa melanoma, takribani 3 wako katika hali hii. Saratani imeshafika kwenye tezi za limfu (mitoki), chini ya ngozi, kwenye mapafu, ini au ubongo, lakini pale ilipoanzia hapaonekani. Mwongozo huu ni kwa mgonjwa na wanaomuuguza, ili wajue nini kinapaswa kufanyika, kwa mpangilio gani, na waulize nini pale mambo yanapokwama.

Kuna jambo moja ninaloliona likiharibika mara kwa mara. Watu hutafuta chimbuko miezi na miezi, kipimo juu ya kipimo, kana kwamba tiba haiwezi kuanza mpaka lipatikane. Inaweza. Litafute kwa makini mara moja, kwa siku chache, kisha songa mbele.

Chimbuko limekwenda wapi?

Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba kinga ya mwili ililifuta. Doa lilikuwepo kwenye ngozi, seli chache zikatoroka kwenda kwenye tezi, kisha askari wa mwili wakalishambulia doa lenyewe mpaka likaisha, pengine likiacha baka jeupe lisilovutia macho ya mtu. Maelezo ya pili ni kwamba seli za rangi zilikuwa zimejificha ndani ya tezi tangu zamani, na zikageuka kuwa saratani humohumo.

Vipimo vya jeni vinaegemea zaidi maelezo ya kwanza. Uvimbe mwingi wa aina hii una makovu ya mionzi ya jua kwenye jeni zake, sawa na melanoma ya kawaida ya ngozi. Hapo pia ndipo penye faraja isiyotarajiwa: wagonjwa wa kundi hili ambao ugonjwa umeishia kwenye tezi huishi sawa na wale ambao chimbuko lao linajulikana, na katika tafiti kadhaa wameishi zaidi. Kinga iliyoweza kulifuta doa la kwanza huenda bado iko kazini. Kwa hiyo maneno "chimbuko halijulikani" yasisomwe kama hukumu.

1. Kinyama kwanza, kisu baadaye

Tezi inayotiliwa shaka ichomwe kwa sindano, ikiongozwa na ultrasaundi. Sindano nyembamba hutosha kuonyesha kwamba kuna saratani, lakini sindano nene inayotoa kipande kizima ni bora, kwa sababu baadaye patahitajika nyama ya kutosha kwa vipimo vya jeni. Kukimbilia kuikata tezi yote kabla ya kujua ni nini ni kosa la gharama mara mbili. Kovu lake huvuruga upasuaji mkubwa unaofuata. Pia, kama utakavyoona mbele, siku hizi tunataka dawa ikute uvimbe bado uko mwilini.

Ripoti ya patholojia isomwe neno kwa neno. Melanoma ni ugonjwa wenye sura nyingi: inaweza kukosa rangi nyeusi kabisa, ikafanana na limfoma (saratani ya tezi za limfu), na sarkoma (saratani ya misuli, mifupa na tishu kama hizo), au na saratani nyingine yoyote iliyopoteza umbo. Kinachoitambulisha ni kupaka alama za protini. S100 na SOX10 hukamata karibu melanoma zote. Melan-A na HMB-45 hukosa baadhi, ila zikiwaka zinathibitisha zaidi. Ikiwa ripoti imeandikwa kwa ujumla tu "saratani ya chimbuko lisilojulikana" bila kutaja hata alama moja kati ya hizi, omba zifanywe. Tofauti ya tiba kati ya kundi hilo la jumla na melanoma ni kubwa mno kuiachia bahati.

Wanaofanana na melanoma nao wapo. Sarkoma ya seli angavu, ambayo hupenda kano na misuli ya mguu kwa vijana, huwaka alama zilezile. Hutambuliwa kwa kuvunjika kwa jeni ya EWSR1. Saratani ya seli za Merkel nayo ni ya ngozi na nayo huweza kuonekana kwenye tezi bila chimbuko, lakini huwaka alama nyingine, CK20, na tiba yake ni nyingine. Kwa sababu hizi, maoni ya mwanapatholojia wa pili, hasa aliyezoea magonjwa ya ngozi, hayapaswi kumkera daktari yeyote. Hakikisha pia kipande kilichogandishwa kwenye nta kinatunzwa na unajua kilipo. Siku ya kuhama hospitali utakihitaji.

2. Msako wa chimbuko

Msako unaanza na kumbukumbu kabla ya macho. Kaa na ndugu waliokua nawe muulizane: je, kuna doa, sugu au baka lililowahi kukatwa, kuchomwa, kugandishwa au kupakwa dawa ya kulila, hata miaka 20 iliyopita? Kuna kucha iliyong'olewa kwa sababu "ilikuwa na fangasi"? Kuna jicho lililoondolewa? Vigezo vya kuiita melanoma kuwa haina chimbuko viliwekwa mwaka 1963, na tangu hapo mtu aliyewahi kuondolewa kitu kwenye ngozi bila kupimwa maabara hahesabiwi kuwa kwenye kundi hili. Kama kipande cha zamani bado kimehifadhiwa mahali, kitolewe kisomwe upya.

Kisha mwili wote, pasipo haya. Ngozi ya kichwa ikaguliwe kwa kupasua nywele mstari kwa mstari. Nyuma ya masikio, kitovuni, katikati ya vidole, nyayo, viganja, chini ya matiti, kati ya makalio, sehemu za siri, njia ya haja kubwa. Rangi ya kucha iondolewe kabla ya kufika kliniki. Daktari wa ngozi atatumia dermatoskopu, yaani lenzi ya kukuza ngozi, na taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno, husaidia kuona baka jeupe ambalo jicho tupu linalipita. Huenda ndilo kaburi la doa lililofutwa.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, anzia mikono na miguu. Melanoma zinazotokana na jua ni chache kwake, hivyo sehemu kubwa ya zinazompata huota kwenye nyayo, viganja, chini ya kucha, mdomoni, puani na sehemu za siri. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, alianza na melanoma kwenye kidole cha mguu. Dhana kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu ndiyo inayofanya unyayo usikaguliwe.

Tezi yenyewe inaelekeza pa kutazama. Mitoki ya kinena hupokea maji ya mguu, sehemu za siri, njia ya haja kubwa na sehemu ya chini ya kiwiliwili. Tezi za kwapa hupokea kutoka mkono, kifua na mgongo wa juu. Za shingo na zile za mbele ya sikio hupokea kutoka ngozi ya kichwa, uso, sikio, mdomo na pua. Tumia nusu ya muda wako wa ukaguzi kwenye eneo hilo.

Macho nayo. Daktari wa macho atanue mboni kwa matone na kutazama hadi nyuma. Melanoma ya jicho ina tabia yake: hupenda sana ini, wakati mwingine miaka mingi baada ya jicho kutibiwa. Basi mtu mwenye melanoma kwenye ini peke yake, bila tezi wala mapafu, akaguliwe macho mapema kabisa. Daktari wa pua, koo na masikio, na kwa wanawake daktari wa uzazi, wanafuata, hasa tezi ikiwa shingoni au kinenani. Kamera ya tumbo na utumbo ifanywe kwa sababu maalumu: damu kwenye choo, upungufu wa damu usioelezeka, dalili za utumbo kuziba. Kumwingizia kila mgonjwa kamera juu na chini eti chimbuko lisije likapotea ni kumsumbua bure.

Ukaguzi huu uende sambamba na picha za mwili, si mmoja kumsubiri mwenzake.

3. Ujue umefika wapi

PET-CT ya mwili mzima, picha inayoonyesha mahali seli zinapotumia sukari nyingi, ndiyo inayopendelewa. Isipokuwepo, CT ya shingo, kifua, tumbo na nyonga yenye dawa ya kung'arisha hufanya kazi. Ubongo upigwe MRI hata kama kichwa hakiumi, maana melanoma hupenda ubongo na inaweza kukaa humo kimya. Kwenye damu, kimeng'enya cha LDH hupimwa kwa sababu kikipanda huashiria ugonjwa mzito zaidi.

Hapa pana kosa la lugha linalowatisha watu bila sababu. Kwa kuwa saratani "imesambaa", wengi hudhani moja kwa moja ni hatua ya 4. Sivyo. Melanoma isiyo na chimbuko iliyo kwenye tezi za eneo moja tu huhesabiwa hatua ya 3. Katika mfumo wa kimataifa wa upangaji hatua, toleo la 8, linalotumika tangu mwaka 2018, tezi moja iliyogundulika kwa kupapaswa au kwa picha ni 3B, na tezi 2 au zaidi ni 3C. Uvimbe ulio chini ya ngozi peke yake, picha zikiwa safi, nao huchukuliwa hatua ya 3. Hatua ya 4 ni pale ugonjwa ulipovuka kwenda mbali: tezi au ngozi za mbali, kisha mapafu, kisha viungo vingine vya ndani, na mwisho ubongo, kwa mpangilio huo wa uzito.

Muulize daktari wako hatua yako kwa herufi na namba, na uiandike.

4. Jeni, ambazo pia ni anwani

Omba jeni ya BRAF ipimwe mara tu melanoma inapothibitishwa, usingoje tiba ya kwanza ishindwe. Karibu nusu ya melanoma za ngozi zina hitilafu ya BRAF V600 (badiliko mahali pamoja maalumu kwenye jeni hiyo), na ipo tiba ya vidonge inayoilenga. Maabara yenye uwezo itapima na nyingine kwa pamoja: NRAS, ambayo huonekana kwa kama robo au moja ya tano, na KIT, ambayo huonekana zaidi kwenye melanoma za nyayo, kucha na utando laini (wa mdomo, pua na sehemu za siri). Hitilafu ya GNAQ au GNA11 inanong'ona "rudi kwenye jicho", na daktari mzuri atarudi kweli, hata kama ukaguzi wa kwanza ulikuwa safi.

5. Tiba ugonjwa ukiwa hatua ya 3

Zamani njia ilikuwa moja: kata tezi zote za eneo, kisha subiri. Sasa mpangilio umegeuzwa, dawa inatangulia na kisu kinafuata. Dawa za tiba ya kinga huondoa breki ambazo saratani huzikanyaga ili askari wa mwili wasiishambulie. Uvimbe ukiwa bado mwilini, askari hao wana mahali pa kujifunza adui yao. Ukishakatwa, darasa limefungwa.

Utafiti wa SWOG S1801 ulilinganisha pembrolizumab dozi 3 kabla ya upasuaji na kuendelea baadaye, dhidi ya upasuaji kwanza na dawa hiyohiyo baadaye. Baada ya miaka 2, asilimia 72 ya kundi la kwanza walikuwa hawajapatwa na kurudi kwa ugonjwa au pigo jingine, dhidi ya asilimia 49. Utafiti wa NADINA, uliotangazwa mwaka 2024, ulitumia ipilimumab na nivolumab kwa pamoja, mizunguko 2 tu kabla ya upasuaji. Baada ya mwaka 1 ilikuwa takribani asilimia 84, dhidi ya 57 ya waliokatwa kwanza kisha wakapewa nivolumab peke yake. Katika S1801 dawa ilikuwa ileile kwa makundi yote mawili. Kilichobadilika zaidi ni mpangilio. Basi kama umepangiwa upasuaji wiki ijayo na hakuna aliyetaja dawa ya kutangulia, una haki ya kuuliza sababu kabla ya kusaini fomu.

Kama tezi zimeshakatwa, bado kuna tiba ya kuzuia kurudi: nivolumab au pembrolizumab kwa mwaka 1, au kwa mwenye BRAF V600, vidonge vya dabrafenib na trametinib kwa muda huohuo. Mionzi kwenye eneo la tezi ina nafasi finyu, pale ambapo tezi zilikuwa nyingi au zimepasuka nje ya ganda lake.

6. Tiba hatua ya 4

Kabla ya 2011 mgonjwa wa namna hii alipewa dacarbazine, dawa ya kemotherapi, na wengi hawakumaliza mwaka. Leo mazungumzo ni mengine. Katika utafiti wa CheckMate 067, baada ya miaka 10 walikuwa hai asilimia 43 ya waliopewa ipilimumab pamoja na nivolumab, 37 ya waliopewa nivolumab peke yake, na 19 ya waliopewa ipilimumab peke yake. Bei ya ushindi huo ipo: madhara makali yaliwapata asilimia 59 ya wale wa dawa mbili. Mtu dhaifu sana, au asiyeweza kufika hospitali haraka akizidiwa, huenda akafaa zaidi dawa moja. Mchanganyiko wa nivolumab na relatlimab, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2022, unakaa katikati: una nguvu kuliko dawa moja na madhara pungufu kuliko ule mwingine.

Mwenye BRAF huvutiwa na vidonge kwa sababu hufanya kazi haraka, wakati mwingine ndani ya siku chache. Lakini utafiti wa DREAMseq ulionyesha kuanza na tiba ya kinga ni bora: miaka 2 baadaye walikuwa hai asilimia 72, dhidi ya 52 ya walioanza na vidonge. Vidonge vitangulie tu pale ugonjwa unapokimbia mbio, mgonjwa hawezi kupumua au ini linaelekea kufeli, na hakuna muda wa kuisubiri kinga iamke.

Ubongo una utaratibu wake. Vivimbe vichache hupigwa mionzi ya kulenga kwa usahihi, na dawa mbili za kinga hufanya kazi hata humo, hasa mgonjwa akiwa hana dalili na hatumii steroidi (dawa zinazotuliza kinga). Chimbuko likigundulika kuwa jicho, dawa ya tebentafusp huzingatiwa kwa wenye aina ya tishu HLA-A*02:01, kwa kuwa tiba ya kinga ya kawaida huwasaidia wachache. Na ambao dawa hizi zimewashinda wana lifileucel, iliyoidhinishwa Marekani Februari 2024: seli za kinga hutolewa ndani ya uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, huzalishwa kwa mabilioni, kisha hurudishwa mwilini. Ni tiba nzito, ya vituo vichache.

Gharama ni kikwazo kila mahali. Ukiwa unabishana na bima, inasaidia kujua kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka nivolumab kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa ajili ya melanoma iliyosambaa. Uliza pia kuhusu majaribio ya kitabibu yanayopokea wagonjwa, na uulize mapema, kwa sababu mengine humkataa aliyekwisha kutumia dawa fulani.

7. Kabla ya dripu ya kwanza, na usiku wa saa nane

Damu ipimwe ini, figo, sukari, homoni za thairoidi (tezi ya homoni iliyo mbele ya koo), kortisoli, homa ya ini B na C, na VVU; kifua kikuu kichunguzwe. Kuwa na VVU hakumnyimi mtu tiba ya kinga. Taja ugonjwa wowote ambao mwili unajishambulia wenyewe, mfano lupasi, na useme kama uliwahi kupandikizwa kiungo. Hilo la mwisho linabadilisha mpango mzima.

Madhara ya tiba ya kinga si kama ya kemotherapi. Hapa kinga iliyofunguliwa inashambulia viungo vizima, na inaweza kufanya hivyo hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Kuhara mara 4 zaidi ya kawaida yako kwa siku ni simu ya siku hiyohiyo, si dawa ya kuzuia kuhara kutoka dukani. Kikohozi kipya au pumzi fupi. Macho ya njano. Kichwa kuuma pamoja na uchovu usioelezeka, maana tezi iliyo chini ya ubongo huenda imevimba. Kiu na mkojo mwingi. Maumivu ya kifua, kope kuanguka au misuli kulegea: haya usisubiri asubuhi.

Tiba ya mengi kati ya hayo ni steroidi, mara nyingi prednisoloni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, zikipunguzwa taratibu kwa wiki 4 au zaidi. Kuziacha ghafla kwa kuwa umepata nafuu ndiko kunakorudisha wengi wodini. Homoni zikishaharibika, kwa kawaida utameza za kufidia maisha yako yote, na maisha yanaendelea. Tembea na kadi inayosema unatumia tiba ya kinga, kwa sababu daktari wa zamu asiyejua atakutibu kama mwenye maambukizi ya tumbo.

Wa dabrafenib na trametinib shida yao kubwa ni homa. Ikipanda, wengi huelekezwa kusimamisha vidonge mpaka ishuke. Hakikisha maelekezo hayo unayo kwa maandishi. Moyo na macho navyo vifuatiliwe. Mabaka meupe yakitokea kwenye ngozi wakati wa tiba ya kinga, usihuzunike: mara nyingi huwatokea wale ambao dawa imewakubali.

8. Baada ya hapo

Picha ya kwanza hupigwa kama wiki 12 tangu kuanza. Mara chache uvimbe huonekana umekua kwa kuwa umejaa askari wa kinga, hivyo kama mgonjwa mwenyewe anajisikia vizuri, picha hurudiwa wiki kadhaa baadaye kabla ya kubadili dawa. Wataalamu wa kupunguza maumivu waitwe tangu mwanzo, hata pale matumaini ni makubwa. Kazi yao ni pamoja na usingizi, hamu ya chakula na hofu.

Ngozi iendelee kukaguliwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo, kwa sababu aliyepata melanoma moja anaweza kupata nyingine. Ikitokea chimbuko likajitokeza lenyewe, tuseme doa chini ya kucha lililokuwa limefichwa na jeraha, litakatwa na kupimwa. Kama ni la ngozi, dawa ulizo nazo zinaendelea vilevile. Kama ni la jicho au la utando laini, siku hiyo ndiyo faili lifunguliwe upya.